Mlango Uko Wazi

Ilipanda kwa mabega ya vijana wanne,
ngazi kwa ngazi za udongo, hadi kwetu Kadutu,
friji ya Cirhuza kutoka Ubelgiji,
pana kuliko mlango. Ikabidi fundi Bagalwa
avunje matofali mawili.
Hajayarudisha mpaka leo.

Ina akili, kaka alisema kwenye simu.
Inajua maziwa yakipungua,
inajua nyanya ina siku ngapi.
Ilipowashwa ilisema Kifaransa, sauti ya mwanamke wa benki,
ikauliza jina la mtandao wetu.
Mama akajifunga kitenge vizuri, akajibu:
"Mimi ni mama Cirhuza. Karibu, dada."

Kisha umeme ukakatika.
Sambaza za Jumatatu zikanuka Jumatano
na mwenye akili hakusema neno.
Tukarudi kwenye mbabula, kwenye moshi unaojua njia,
kwenye beseni la maji chini ya kitanda
linalotunza lengalenga mpaka asubuhi
bila kumuuliza mtu jina.

Mama, ambaye hatupi kitu chenye mlango,
akapanga humo vitenge vyake, unga wa muhogo,
karatasi za kiwanja, cheti changu cha ubatizo.
Panya wa Kadutu wamejaribu. Wameshindwa.
Hiyo ndiyo akili ya kwanza niliyoiona kwa macho.

Ya pili: saa nane za usiku, umeme ukirudi,
friji inapiga kengele yake ndogo
nasi wote tunaruka, huyu pasi, huyu simu,
huyu maharagwe ya kesho kwenye jiko la waya.
Jogoo gani mwingine ana garanti ya miaka mitano?

Usiku mmoja mama alisahau kufunga,
na Nabintu wa jirani alikuwa ametugawia mega zake.
Dakika kumi, simu ikalia. Cirhuza, toka Liège,
aliyekuwa kimya tangu Pasaka:
"Mama, mlango uko wazi. Nimeona hapa."
Mama akatazama friji. Akatazama simu.
Akakalia bidoni, wakaongea hadi betri ikafa.

Sasa ninamwona, kengele ikilia,
hagusi pasi.
Anaweka mega za franka mia tano,
anavuta ule mlango, vitenge vinapata hewa,
anakaa gizani na simu mapajani,
anangoja friji imshitaki.