Wayo wa Kushoto

Mwanashee, leta mguu.
Si huo. Huo wa kushoto
unaoukunjia ndani ya leso.

Nimekupamba tangu harusi yako,
nyayo zako nazijua kuliko vichochoro vya Gademni:
ufa wa kisigino, kovu la kigae,
kidole cha mwisho kilichompanda mwenzake.
Hiki hakikuwemo.

Maulidi yaliyopita kilikuwa punje ya mtama.
Nikadhani piko langu, tone lililoniponyoka,
nikakusugua kwa ndimu hadi ukacheka.
Piko hutoka. Hina nayo hufifia,
wiki mbili, yaondoka kama mgeni mwenye adabu.
Hiki kimekaa, kimeongeza vyumba.
Tazama ukingo wake: umechanikachanika
kama karatasi iliyotafunwa na mende.
Huku cheusi, huku kahawia, pale buluu ya jivu,
na katikati kidonda kisichofunga.

Wasema ni mwiba.
Mwiba gani huu
unaokua na ulishang'olewa?

Wasema saratani ya ngozi ni ya wazungu
wanaojianika Shela kama ng'onda.
Nami nilisema hivyo
mpaka nilipompeleka Tima wangu kliniki.
Yeye ana ualbino, jua kwake ni mdai wa kila siku:
kofia pana, mikono mirefu, mafuta yale meupe,
na saa sita haendi dukani hata kwa peremende.
Nesi alipomaliza naye akanigeukia mimi:
"Nawe mama, vua viatu."
Akanikagua nyayo, viganja, chini ya kucha.
Weusi ni mwavuli, akasema,
ila kuna saratani isiyongoja jua,
hujipenyeza pale ambapo hatujitazami.

Basi.
Wa kulia nitaujaza maua mpaka kifundoni,
uingie harusini kwa mpwa wako ukinukia.
Wa kushoto sitii hata nukta.
Daktari autazame mtupu,
asihangaike kujua
ipi kazi yangu na ipi si yangu.
Kesho saa mbili. Nitakupitia mwenyewe.

Wataka kulia? Lia,
lakini usitikise mguu, hina bado mbichi.

Usiku, wote wamelala,
nakitoa kioo cha maharusi,
nakilaza sakafuni,
nauinua wayo wangu juu yake,
taa ya simu mkononi,
natafuta nukta
ambayo sikuichora.