Cha Kwanza Hakihesabiwi

Mwongozo wa utafiti, ukurasa wa tisa:
mshiriki aketi dakika tano, asizungumze,
mgongo uegemee, miguu isipishane,
mkono uwe sawa na moyo.
Pima mara tatu. Cha kwanza ukiache.

Bi Mwanasha Shekuwe amepanda ngazi
hadi chumba tulichokodi Langoni, mimi na mashine yangu:
kiti cha plastiki, feni iliyogoma,
na chini dirishani punda wawili wa mchanga
wamekutana kichochoroni, wenyewe wanagombea njia.
Namfunga mkanda. "Mbona wabana hivi?"
Namwomba anyamaze. Ananyamaza kwa nguvu,
midomo imekazwa kama fundo la leso lenye pesa.
Mia sabini na mbili kwa tisini na nane.

Tunangoja. Punda mmoja amerudi nyuma.
Mia hamsini na sita kwa tisini.

Tunangoja tena.
Mia arubaini na moja kwa themanini na sita.

Mkono ule ule, damu ile ile,
robo saa haijatimia
nami tayari nina wanawake watatu
kwenye kiti kimoja.

Daktari Nyevu hunipigia kutoka Malindi:
"Nzaro, namba zako zinarukaruka. Umebadilisha betri?"
Nimebadilisha betri. Nimebadilisha mkanda.
Nimejipima mwenyewe kabla ya simu yake
na baada ya simu yake.
Hayo sikumwambia.

Bi Mwanasha anashusha mkono wa buibui.
"Hicho cha kwanda mwakitupapi?"
Hakitupwi, bibi. Hakihesabiwi tu.
Anacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie.
"Basi hicho ndicho changu.
Hivyo viwili ni vyenu:
mumenikalisha, mumeninyamazisha, ndipo mukapima.
Nyumbani nani anikalishaye?"

Anachukua nauli yake, anaihesabu mara mbili,
zote mbili zinalingana.

Kwenye fomu najaza wastani:
mia arubaini na nane na nusu.
Kati ya wale watatu
hakuna hata mmoja aliyekuwa na namba hiyo.
Pambizoni, kwa penseli, naandika mia sabini na mbili.
Mwongozo hauruhusu penseli.
Nachukua kalamu, naikoleza kwa wino.

Nasikia pumzi ya anayefuata, bado yuko mbali.
Ngazi ni ishirini na tatu, nimezihesabu.
Nazo hazina kisanduku.