Sekunde Tano

Juma la kwanza Uku alinipa klasta ya mazoezi,
nodi tatu kuukuu zilizopangwa chini ya ngazi,
akasema: Vunja.
Nikavunja. Nilifuta nilichotumwa kufuta
na nisichotumwa,
na podi zikarudi mojamoja zikiwa na majina mapya,
herufi na tarakimu zisizotamkika,
utadhani hakuna iliyokufa.

Usizizoee, alisema, akimenya chungwa juu ya kibodi.
Hapa hatuweki matanga. Hapa tunahesabu:
zimetakiwa nne, zipo ngapi?

Mimi nilitoka kwenye ushonaji. Miaka kumi na tisa
nilipindia suruali za wanafunzi wa Tartu,
na kitambaa ukikikata vibaya hakirudi.
Ilinichukua majira yote ya vuli
kuamini kitu kinachojishona chenyewe.

Nilijifunza kuihamisha kazi kabla ya kuizima nodi,
kuweka kikomo cha memori ili mmoja asile sahani ya wote,
na kutoigusa klasta ya kweli siku ya Ijumaa.
Hilo la mwisho liliandikwa ukutani kwa wino mwekundu.
Aliyeliandika aliacha kazi Jumatatu.

Klasta ya kweli ni habari nyingine.
Nyuma yake yako maduka ya dawa mia mbili na kumi,
kutoka Narva hadi visiwani,
na mbele ya kila kaunta yuko mtu
aliyevua glavu kutafuta kadi yake.

Januari, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri,
simu ya zamu ililia juu ya friji.
Uku yuko angani, anavuka Atlantiki.
Huduma inayosoma vyeti vya dawa
inaanguka, inainuka, inaanguka.
Imeinuka mara sitini na tatu.

Nikafanya afanyavyo asiyejua:
nikaizima, nikaiwasha. Sitini na nne.
Nikaiongezea memori. Sitini na tano.
Nje, baridi digrii ishirini na mbili chini ya sifuri;
mimi jasho jembamba mgongoni.

Mwishowe nikaacha kugusa, nikasoma.
*Naamka. Nafungua hifadhidata. Nasoma orodha ya da*
Basi.
Hapakuwa na kosa. Palikuwa na sentensi iliyokatwa.

Nikamkumbuka mama, kule Võru, na simu yake ya ukutani.
Kaka yangu Joosep hupiga, huiacha ilie mara tatu,
hukata, hunipigia mimi roho juu:
Mama hajibu, kuna jambo.
Hakuna jambo. Kuna goti.
Kuna kiti cha kunyanyukia, fimbo, zulia lililokunjamana,
na mlango wa jikoni unaokwama.

Nikafungua faili la usanidi, pale penye kipimo cha uhai.
Sekunde tano.
Orodha ya dawa ilikuwa imenenepa tangu Krismasi,
na kuisoma sasa kulitaka arobaini.
Tuliuliza: U hai?
na kabla haijafika mlangoni
tulikuwa tumeshaiua, kwa nia njema,
ili tuifufue.

Nikaandika tisini. Nikatuma.
Nikaikalia mikono yangu.
Ishirini. Thelathini na tatu.
Thelathini na nane, na friji ikanguruma.
Arobaini na moja:
tayari.
Zimetakiwa nne. Ipo moja. Zipo mbili.

Saa mbili na dakika tatu, kutoka duka fulani la Valga,
mstari mmoja ulipita skrini:
cheti kimesomwa, dawa imetolewa.
Sijui ilikuwa ya nani, wala ya ugonjwa gani.
Nililia kidogo, nikala mkate wa jana.

Uku aliporudi aliitazama ile namba.
Tisini ni nyingi, alisema. Sitini ingetosha.
Labda.
Sikumwambia habari za zulia.
Sikuipunguza.