Nukta Sita

Swali la kwanza ni umri. La pili, saa ngapi kwa wiki.
La tatu, wagonjwa wangapi kabla ya adhuhuri.
Nimeanzia Ibra, nikashuka Bidiya, nikarudi Mudhaibi,
viatu vimejaa mchanga, na chaji ya kishikwambi
inakwisha upesi kuliko subira ya watu.

Dokta Ilham wa Omdurman hakuinua kichwa:
"Andika sitini. Hao wagonjwa. Saa andika unazopenda,
mimi niliacha kuzihesabu Ramadhani iliyopita."
Dokta Mundhir, ndiyo kwanza ametoka masomoni,
anataka Maskati. Mkewe anataka Maskati.
Hata kichanga chao, nadhani, kinalilia Maskati.

Usiku nikajumlisha.
Jedwali likasema: Sinaw, madaktari wanne nukta sita.
Nukta sita!
Huyo ni nani, nikawaza, anayekuja kazini
kichwa na kifua, miguu kaiacha nyumbani?

Asubuhi nikamkuta. Dokta Kuruvilla,
miaka sitini na minne, siku tatu kwa wiki,
chai yake ya maziwa imeota utando.
Mbele yake Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete,
kashika ubavu. Kiarabu anacho cha sokoni,
cha maradhi hana.

"Wapi kunauma, bibi?"
Kiswahili cha mguu mmoja, lakini kimesimama.
"Kunachoma, au kunavuta?"
Bibi akacheka kwanza, ndipo akaugua.

Swali la kumi na tisa: miaka mitano ijayo utakuwa wapi?
"Mwezi wa sita narudi Kottayam.
Mjukuu wangu ananijua kwa sauti ya simu tu."
Nikabonyeza *anaondoka*. Jedwali likashuka: nne kamili.
Namba safi, haina mkia. Wapangaji wataipenda.

Lugha: Kiarabu, Kiingereza, nyingineyo.
Kwenye *nyingineyo* wametoa nafasi ya herufi kumi.
Nikaandika Kiswahili.
Ikabaki nafasi moja, tupu, mshale unapepesa.
Hapo ningeweka nini?
Kile kicheko kilichotangulia maumivu
hakina herufi.

Mlangoni bibi akanishika mkono, dawa kwapani.
"Umemwandika?"
"Nimemwandika."
"Kwa wino? Ya risasi hufutika."

Nikakificha kishikwambi ndani ya abaya.
"Kwa wino, bibi."