Barua Kutoka Gerezani

Tunakutana Gerezani, Jumamosi ya pili ya mwezi,
nyuma ya duka la vifungo la Bi Mwanahija,
watu sita, mvua ikinyesha watatu,
na taipureta moja yenye herufi ya R
isiyogonga mpaka uikasirikie.
Niliinunua mwenyewe mahakama ilipohamia kompyuta.
Miaka ishirini na saba niliipigia hukumu za watu:
amefungwa, nukta,
amefungwa, nukta,
wala vidole havikuniuliza kitu.

Sasa vinauliza.

Machi tuliletewa jina la mpima maji.
Nchi yake ina theluji. Kibwana aliitafuta
kwenye atlasi ya mwanawe
akaifunika yote kwa kidole gumba.
Kosa: alichota maji ya mto kwa chupa,
akayapima, akabandika majibu ukutani sokoni.
Miaka minane.
Jina lake lina herufi yenye kofia
ambayo mashine yangu haina;
kila nakala naivisha kofia kwa kalamu, polepole,
maana huko aliko, nasikia, wamemnyoa.

Mwenzio akinyolewa, walisema, wewe tia maji.
Sisi tulitia wino.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria, kwa heshima na taadhima.
Kwa Mkuu wa Gereza, kwa heshima, taadhima tuliiacha.
Mzee Mwinchande hataki "tafadhali" izidi mara mbili:
ombi likipigishwa magoti sana, asema,
husahau kusimama.
Zena analamba stempu, twiga baada ya twiga,
mpaka ulimi unamnata.
Na pale Posta karani anapima bahasha kwa mkono,
"Huko tena? Mna ndugu?"
"Tunaye mmoja," nikasema,
nikaona sijadanganya sana.

Kimya.
Aprili, Mei. Msimbazi ulipanda ukaingia Jangwani,
maji meusi, ndala moja ikielea na kopo la rangi;
nikasimama darajani na chupa tupu mkobani
nikawaza mambo ambayo sikuyaandikia mtu.

Septemba ikaja bahasha. Dada yake. Penseli.
*Amehamishiwa chumba chenye dirisha.
Mlinzi mmoja sasa humwita kwa jina.
Lakini nyuma ya bahasha yenu niliona neno, Gerezani,
nikaenda maktaba, nikalitafuta kwenye kamusi,
nikakaa chini palepale.
Hatukujua kwamba nanyi mmefungwa
na bado mnatuandikia.
Nimewaambia majirani. Tumeandika barua kumi na moja
kwa serikali yenu, mwachiliwe.
Vumilieni.*

Tulicheka! Bi Mwanahija alicheka hadi akashika meza,
kopo la vifungo likapinduka, tukawa tunavifukuza
chini ya viti kama vifaranga.
Barua kumi na moja! Waziri wetu anakuna kichwa,
"Hawa wafungwa sita ni nani?"

Kibwana hakucheka.
Kibwana aliyewahi kuwa na gazeti la kurasa nne,
ambaye hukaa akiutazama mlango.
Aliokota kifungo kimoja, akakigeuza, akakigeuza.
"Tutamjibu nini?" akauliza.

Kwamba ni mtaa tu.
Kwamba una mafundi wa masufuria na majiko,
una mama anayeuza supu ya pweza,
una sisi.
Nje nyundo zilikuwa zinagonga bati, hazipokezani, zinagombana.
Hakuna aliyejua pa kuanzia,
hivyo wakanitazama mimi, mwenye mashine.

Nikaingiza karatasi. Dada mpendwa,
Gerezani ni jina la mahali tu.
Usihofu. Sisi huku tuko

nikabonyeza, kwa upole, bila kufikiri,
na karatasini likatokea
*hu u*.

Hakuna aliyesema neno.
Nikachukua kalamu, ileile ya kofia,
nikaitia R kwa mkono.
Haikukaa sawa na wenzake.