Ghorofa ya Tano

Walinipa kamba, kadi ya chanjo, na namba:
mia mbili kumi na nne.
"Jina hana," akasema msichana wa kituoni,
kisha, kama mtu anayeuza gari bovu kwa haki:
"Miaka sita kwenye mnyororo, nyuma ya kiwanda cha mbao.
Ngazi hazijui. Usimwinamie. Usimtazame sana."

Ngazi hazijui, na mimi naishi ghorofa ya tano,
Šilainiai, jengo la zege lisilo na lifti.
Basi nikambeba.
Kilo ishirini na saba za mifupa na woga,
moyo wake ukidunda kwapani mwangu
kama pampu za upepo za yale mabasi ya umeme
niliyoyatengeneza miaka thelathini na moja.
Ghorofa ya tatu Genovaitė akafungua mlango,
akatutazama, akasema tu:
"Vaidotas, mgongo wako."

Nikamwita Pilkė, yaani wa rangi ya majivu.
Hakuitika. Wiki mbili aliishi nyuma ya mashine ya kufulia,
nami nilijua yupo kwa bakuli:
usiku limejaa, alfajiri linang'aa.

Siku moja nilivua mkanda wa suruali,
chuma kikalia, kidogo tu,
naye akajikojolea pale pale aliposimama,
macho ukutani, akingoja.
Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema,
akiona ung'ongo hushtuka.
Hakuna aliyesema ung'ongo ufanye nini.
Nikautupa mkanda.
Sasa suruali yangu inaning'inia mabegani
kama ya babu kwenye picha za harusi.

Nje, bustanini, nilimfungia kamba ya mita kumi.
Akatumia tatu.
Tatu kamili, akizunguka, akizunguka,
hadi theluji ikachorwa duara
ambalo fundi hangelichora vizuri zaidi.
Nilisimama katikati yake kama kigingi.
Sikujua niondoke au nibaki.

Ugnė hupiga simu kutoka Dublin kila Jumapili.
"Baba, amekupenda?"
"Hatujafika huko," nasema. "Anakula."

Kisha Machi, tarehe nane, nikiweka bakuli,
mgongo ukakata tamaa.
Nilishuka polepole, kama gari juu ya jeki mbovu,
nikalala chali sakafuni.
Simu iko mezani, mbali kama Dublin.
Nilihesabu madoa ya dari. Nilitukana kidogo.
Nusu saa, labda zaidi.
Halafu kucha:
tk, tk, juu ya vigae.

Sikumtazama.
Kumwinamia ningewezaje,
mimi niliyekuwa chini kuliko yeye?
Pua ya baridi ikaingia sikioni, ikasoma.
Ikasoma ndevu, shingo,
mfuko wenye makombo ya mkate mweusi.
Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyemaliza zamu,
akajibwaga ubavuni pangu.

Genovaitė, mwenye ufunguo wa akiba,
alikuja jioni na sufuria ya supu ya bitiruti.
Pilkė akanguruma.
Mwezi mzima, na ndiyo kwanza nimsikie sauti.
"Ananilinda," nikasema kutoka sakafuni.
"Analinda supu ambayo hajapewa,"
akasema Genovaitė, akammiminia kwanza,
ndipo akampigia daktari.

Daktari amenikataza kubeba chochote.
Hivyo tunajifunza ngazi: mimi kwa fimbo, yeye kwa jibini,
kila kipande kwenye kidato chake.
Kushuka, ameweza. Kupanda,
ghorofa ya tatu bado hukaa kitako
hadi mlango fulani ufunguliwe.

Na bustanini, kwa muda, nilipima duara kwa hatua:
nne, nne na nusu,
siku moja likagusa benchi.
Sasa ni Aprili. Theluji imeyeyuka,
nyasi hazishiki alama.
Yuko kule, kwenye matope, anafukua kitu
na kamba yote imenyooka.
Nimeacha kuhesabu. Nimemfuata.