Namba za Kibati

Namba moja niligonga mwenyewe,
nyundo ya ratili mbili, tarakimu za chuma,
kibati cha shaba ubavuni mwa mashine ya kusaga.
Moja ikakaa upande, kama mtu aliyelewa.
Gurdit Singh akaitazama, akavuta ndevu:
"Iache. Mahindi hayasomi."

Hapo ni Gerezani, uchochoroni,
karakana yenye upana wa kitanda cha watu wawili.
Tanuri, shimo la mchanga wa kusubia,
na mashine moja ya kukereza
iliyoshuka melini na kutu mpaka kwenye meno.

Kondo Pazi ndiye aliyeikereza kutu ile ikawa mkate wetu.
Hakupima. Alipitisha kidole gumba juu ya ekseli,
akafumba jicho moja, akasema,
"Bado unywele mmoja."
Tukaleta kipimo.
Bado unywele mmoja.

Daftari ninalo. Jalada la bluu, madoa ya grisi:
namba kumi na mbili, Kisarawe;
namba tisini, Ifakara, mpunga;
namba mia mbili na sita, Mahenge,
ililipwa nusu fedha, nusu nta ya nyuki.

Likaja Azimio.
Gurdit akatundika funguo msumarini,
na Jumatatu akarudi, akasimama foleni,
akasaini mahudhurio katika kiwanda chake.
Siku ya tatu alichelewa. Akakatwa nusu saa.
Hakusema neno. Alikuja mapema mpaka alipokufa.

Tukahamia Barabara ya Pugu, paa la meno ya msumeno,
meneja mwenye simu tatu, moja inayoita.
Tulikuwa watu mia nne.
Nilinunua baiskeli, nikaoa.

Namba mia tatu na arobaini haipo.

Mkanda uliruka kwenye puli saa nne na robo, kabla ya chai.
Kidole gumba cha Kondo kilibaki kwenye vumbi la chuma,
na mtu mmoja, simtaji, alikifunika kwa kofia yake.
Kondo aliporudi, mkono mweupe kwa bendeji,
aliniambia, "Hiyo namba usiipe mashine. Ni yangu."
Kesho yake niligonga mia tatu arobaini na moja.

Alijifunza upya, kwa mkono wa kushoto.
Kisha akamfundisha Anyelwisye, binti wa chuo cha Chang'ombe,
akimshika kidole, akikiburuza juu ya chuma:
"Hapo. Umesikia? Hapo."

Mwaka wa themanini na tatu una kurasa mbili tu.
Hakuna makaa, hakuna umeme, hakuna chuma;
tulikata reli chakavu tukatengeneza majembe,
tukalipwa sabuni.
Halafu kufuli, miezi kumi na minne.
Mlinzi, paka, na mvua ikiingia kupitia paa.

Aliyenunua ni Ndealilia Temu,
mwenye mashine zetu mbili Manzese,
aliyekuwa akija kila mwezi kututukana
kwa sababu chekecheo linatoboka.
Alitununua kwa bei ya vyuma chakavu.
Kabla ya kupaka rangi geti, kabla ya kuajiri,
alibadilisha chekecheo.

Leo zinatoka pampu, mashinikizo ya alizeti,
mashine za kubangua korosho, malori mpaka Lubumbashi.
Ya kukereza sasa inaongozwa na skrini;
haina haja ya gumba la mtu.

Mimi nimestaafu mara mbili. Jana wameniita.
Lukelo, kijana wa kompyuta, ananakili daftari langu.
"Mzee, imegoma. Kati ya hii na hii kuna pengo.
Haikubali kuendelea mpaka lijazwe."

Nikavuta kiti.
Andika, nikamwambia.
"Aina ya mashine?"
Kipimo.
"Mteja?"
Haikuuzwa.
"Ukubwa?"
Nikatazama mikono yake, vidole kumi vizima
vikingoja juu ya vibonye.

Unywele mmoja.